Kaka, nirushe droni nje ya geti siku ya AFCON?

Juzi kijana mmoja wa Arusha kaniandikia. Kanunua droni yake ya kwanza na anaanza kujipanga kwa AFCON 2027, akiutazama ule uwanja mpya unaojengwa kwao. "Kaka, nikikaa nje ya geti nikarusha dakika tano tu, kuna shida?"

Shida ipo, mdogo wangu, na geti halihusiki. Kinachofungwa siku ya mechi kubwa ni anga. Marekani, kwa mfano, mechi ya NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, kwenye uwanja wa watu 30,000 na zaidi inafunga anga kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya mchezo: maili tatu za baharini kila upande, kama kilomita tano na nusu, na futi 3,000 kwenda juu. Hata ukirushia uani kwako mitaa kumi kutoka pale, bado umo ndani. Paris 2024, siku ya ufunguzi wa Olimpiki, walifunga kilomita 150 kuzunguka jiji. Kwetu Tanzania unahitaji kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo lazima iridhie. Hapo hata mechi haijatajwa.

Sasa nikusimulie yangu, maana imenikaa kooni. Mteja mmoja wa matangazo alinitaka nipige picha ya juu ya Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, majukwaa yamejaa, nusu nyekundu nusu njano. Nani asiyeitaka picha hiyo? Nikamwomba muda wa kufuatilia vibali. Muda hana. Nikakataa. Akaniambia, "Wenzako wanarusha," na kazi ikaenda kwa mwenzangu. Video ikatoka, ikasambaa, watu wakaisifia hadi kwenye magrupu yangu mwenyewe ya WhatsApp. Hakuna aliyekamatwa, hakuna kilichoanguka. Nilitamani kianguke? Sitajibu. Ila mimi ndiye niliyemfundisha yule bwana kushika rimoti.

Na bado ningekataa tena, kwa sababu najua kinachotokea huko juu. Droni na rimoti zinaongea kwa mawimbi yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na Wi-Fi na bluetooth. Jaza uwanja watu na simu zao, ongeza mitambo ya televisheni, halafu uone picha inavyoanza kukatika. Mawasiliano yakipotea, droni nyingi zinapanda hadi kimo ulichokipanga kisha zinarudi kwako kwa mstari mnyoofu. Ulikipanga kimo hicho kabla ya kuruka? Kama ni chini ya minara ya taa, umeituma ikagonge mnara, na chini yake wamekaa watu waliolipa kiingilio.

Usiniambie wewe ni fundi. Desemba 2015, Madonna di Campiglio huko Italia, droni ya kamera za televisheni ilianguka nyuma kidogo ya Marcel Hirscher akiwa katikati ya mbio za kuteleza kwenye theluji. Ile ilikuwa kazini, haikuwa ya mtoto wa mtaani. Shirikisho la mchezo huo likapiga marufuku droni za kamera kwenye mbio zake. Na Belgrade, Oktoba 2014, Serbia na Albania: droni iliingia na bendera, wachezaji wakapigana, mechi haikuisha. Tangu hapo mlinzi akiona kitu kinaning'inia angani hana sababu ya kudhani ni kamera yako ya harusi. Hata mazoezini si salama: timu ya soka ya wanawake ya Kanada ilikatwa pointi sita kwenye Olimpiki ya 2024 kwa kuwachungulia New Zealand kwa droni.

Vijana wengi wananiambia, "Mbona programu ya droni imeniruhusu kuruka?" Programu si mamlaka. DJI wenyewe, watengenezaji wa droni, Januari 2025, waliacha kuzuia droni zao kupaa kwenye maeneo yaliyokatazwa Marekani. Sasa zinakuonya tu, uamuzi ni wako. Kwa hiyo omba kibali. Omba mapema. Ukinyimwa, omba kazi ya kupiga picha za uwanja ukiwa mtupu wiki kadhaa kabla, nazo kwa kibali. Mnataka majina makubwa ila foleni ya ofisini hamuitaki! Mkitaka kuitwa marubani, basi fuateni wanayofuata marubani.

Na mteja akija, andikianeni. Weka kifungu kwamba kibali kikikataliwa malipo ya awali hayarudi, kwa sababu muda wako wa kuzunguka maofisini ni kazi. Mimi siku ile sikuwa nimechukua hata shilingi ya awali. Sasa hivi naanza na nusu, na asiyekubali namwelekeza kwa yule bwana.