Xeon mbili za mtumba kwa ajili ya PS2? Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshatoa nauli ya kwenda kuiona hiyo mashine, ihesabu sadaka, iishie hapo. Umeandika kwamba unataka kucheza magemu ya PS2, Wii na PS3 kwenye kompyuta, umepata kompyuta ya Xeon mbili (prosesa za seva), kora 12, RAM GB 32, kwa laki tisa, na muuzaji kakuambia, "Hii ni seva bosi, PS2 kitu gani?" Nilipofika hapo kwenye "seva" tumbo likanikata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2021.

Yangu ilikuwa na Xeon X5650 mbili. Kora sita kila moja, gigahezi 2.66, thredi (njia za kazi zinazokwenda kwa pamoja) 24 ukijumlisha. Nikapiga picha vile visanduku 24 vya Task Manager, nikaweka status, watu wakanipongeza kama nimeoa. Jioni nikawasha PCSX2, emuleta ya PS2, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye PS2, na gemu la God of War II. Zinatakiwa fremu 60 kwa sekunde. Napata 41, 38, vita ikinoga 33. Na emuleta ikizidiwa haigandi ukajua moja. Gemu zima linatembea mwendo wa jongoo, na sauti inaburuzika kama redio ambayo betri zinakata roho.

Hapo kosa kubwa bado. Hapo nilikuwa nimepoteza laki nane na nusu tu, tena mashine bado ninayo. Kosa lenyewe ni kwamba nilirudi kwa yule yule muuzaji kuomba ushauri. Hakufikiria hata sekunde mbili: "Tatizo lako kadi ya picha." Nikasema nisimwamini peke yake, nikaingia YouTube, nikakuta jamaa mwenye taa za rangi chumbani anasema hivyo hivyo. Sasa kumbuka 2021 kadi zilikuwa zimepanda bei dunia nzima. GTX 1050 Ti iliyotumika nikaitoa kwa laki nne na nusu. Nyumbani nilisema laki moja na nusu, na naomba mama watoto asiwe anapita kwenye uzi huu.

Nikaifunga. Fremu 38.

Nikapandisha ukali wa picha mara tatu ya ule wa asili. Fremu 38 zile zile, ila sasa naona kila unywele wa ndevu za Kratos, shujaa wa gemu, akijivuta kama yuko kwenye uji wa ulezi. Kuna siku nilizima nikaanza kuangalia tamthilia, maana nayo inakwenda pole lakini angalau sijainunua.

Ndipo nikawasha yale maandishi ya pembeni ambayo PCSX2 yenyewe inayaonyesha ukiyaruhusu kwenye mipangilio. EE asilimia 100. Kadi ya picha asilimia 14. Yaani kadi ya laki nne na nusu imekaa inapiga miayo! EE ni Emotion Engine, prosesa kuu ya PS2, na kazi ya kuiigiza hiyo inaangukia thredi moja. Moja, mkuu. Ya pili inashika michoro, ukiwasha mpangilio wa MTVU ya tatu inachukua kazi ya VU1, kichakato kimoja cha vekta cha PS2. Zile nyingine 21 zangu zilikuwa zinakula umeme wa LUKU na kupasha chumba joto, kana kwamba Dar joto halitoshi.

Muuzaji atakuambia PS2 ina megahezi 294 tu, hivyo gigahezi mbili na ushee ni mara tisa. Hesabu tamu, nami niliimeza. Kinachofichwa ni kwamba emuleta inatafsiri amri za prosesa ya ukoo mwingine kabisa, huku ikiigiza vichakato vya vekta, chipu ya michoro, chipu ya sauti na prosesa ndogo ya pembeni, vyote viende kwa hatua moja. Na amri ya pili inasubiri jibu la ya kwanza, kwa hiyo huwezi kuwagawia watu 12. Una mtu mmoja anawahi Posta kutoka Mbagala: ukimletea basi la viti 65 atafika haraka kuliko kwa bodaboda?

Kwa hiyo uliza kora MOJA inakimbia vipi kabla hujauliza ziko ngapi. Ingia PassMark, tovuti ya kupima prosesa, tafuta alama ya thredi moja. X5650 haifiki 1500. i5-4590, ile iliyojaa kwenye desktopu za ofisi zilizotumika, inapita 2000 na ina AVX2 (amri za kukokotoa data nyingi kwa mpigo mmoja). Chini ya 2000 mimi sitoi hela, hata muuzaji alie. Hiyo i5 ndiyo ninayochezea leo, bila ile kadi, kwa HD 4600, picha za ndani ya prosesa yenyewe, ukali wa asili, na God of War II inakaa kwenye 60.

Wii kupitia emuleta ya Dolphin ni hadithi hiyo hiyo, kora chache zenye mbio. PSP usihangaike, emuleta yake PPSSPP inakwenda hata kwenye simu. PS3 ndiyo pekee muuzaji wako angekaribia kusema kweli, kwa sababu Cell, prosesa ya PS3, ina vichakato vidogo vingi vya pembeni na emuleta yake RPCS3 inajua kuzitumia kora nyingi. Lakini inazitaka ziwe za kisasa, sita kwenda juu, na inapenda sana AVX2 au AVX-512. X5650 ni ya 2010, haina hata AVX ya kwanza. Kwa laki tisa PS3 iweke pembeni kwanza, cheza hizo nyingine.

Na usidhani konsoli ya zamani zaidi lazima iwe nyepesi. Emuleta ya bsnes inaigiza SNES, konsoli ya zamani ya Nintendo, kwa usahihi mkali kiasi kwamba zamani ilitaka kama gigahezi 3, wakati ZSNES, emuleta nyingine ya SNES, ilikuwa inakwenda kwenye Pentium kwa kubabaisha. Uzito ni wa emuleta, si umri wa konsoli.

Uliuliza pia habari za pedi na kitu kingine, nimesahau, wadau watakujibu. Xeon zangu ziko kwa shemeji anachapisha fomu na kadi za harusi, anazisifu sana. Wewe ukiwa dukani, kabla hujatoa hela, andika namba kamili ya prosesa hapa. Si "seva", si "Xeon". Namba. Niko macho mpaka saa sita.