Kisanduku cheupe nyuma ya mzee wa kahawa
Dada, umeuliza kwa nini yule mzee wako muuza kahawa, ukimweka juu ya picha ya Ngome ya Yesu, anazingirwa na kisanduku cheupe. Mchawi ni JPEG, aina ya faili la picha: haihifadhi uwazi (sehemu zisizo na rangi yoyote) hata kidogo. Tumia faili la PNG, linalouhifadhi.

Ila kwanza uondoe weupe wenyewe. Krita, programu ya bure ya kuchorea, hukufungulia turubai ikiwa na tabaka jeupe chini. Chora kwenye tabaka la juu yake, kisha bonyeza kijicho kando ya lile jeupe ulifiche. Ukiona viraba vya kijivu na vyeupe, kama vigae vya sakafuni, huo ndio uwazi. Usiufute weupe kwa kifimbo cha kuchagulia rangi! Mimi kilinilia kanzu yote, mzee akabaki kichwa na dele mkononi.

Wa GIMP, programu nyingine ya picha, picha ya JPEG iongezeeni chaneli ya alfa (inayobeba uwazi) kwanza, la sivyo kifutio kitapaka rangi ya nyuma badala ya kutoboa.

Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida, uwazi unapotea njiani.