Weka bourbon katikati: ushauri wa kuonja ramu na wiski zilizokaa pipani

Namba iliyo kwenye lebo ndiyo inayouza chupa Nairobi. Ingia duka lolote la vinywaji kando ya Ngong Road umwulize muuzaji ramu ya 12 na ramu ya 23 zinatofautianaje. Atakuambia ya 23 ni ya wazee, imekaa sana, na kama huamini tazama bei. Wala hakudanganyi kwa makusudi; naye ameambiwa hivyo na aliyemletea katoni. Lakini ukitaka kuzielewa ramu, bourbon (ile wiski ya Marekani ya mahindi) na wiski ya rai, miaka iulize mwisho. Anza na pipa.

Ninamwandikia yule ambaye tayari anakunywa pombe kali polepole na angependa kujua kilichomo ndani ya glasi yake. Anayetafuta stimu ya haraka, makala haya hayamhusu.

Chupa hizi ni ghali, na kulinganisha kunataka tatu au nne mezani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sisi tuna chama. Hakinunui ploti Kitengela wala hakikopeshi mtu. Kila mwezi watu wanachanga, na pesa zikitosha tunanunua mzinga, yaani chupa nzima kubwa, ambao hakuna hata mmoja wetu angeununua peke yake. Aliyejinunulia mwenyewe mzinga wa bei hiyo huuficha kabatini nyuma ya paketi za unga, akawa anamegea wageni kidogo kidogo, na mpaka uishe hajaulinganisha na chochote.

Sasa, kwa nini bourbon ikae katikati? Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, kisha ikae ndani ya chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa kwa moto upande wa ndani. Kipya kabisa. Pipa likishatumika mara moja, kwa bourbon kazi yake imekwisha. Wiski ya rai ya Marekani inafungwa na sheria hiyohiyo ya pipa. Kinachobadilika ni nafaka, ambapo angalau asilimia 51 huwa ni rai, ile nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Na yale mapipa yaliyokwisha tumika Kentucky, nyumbani kwa bourbon, huenda wapi? Mengi huuzwa Scotland, na mengine hupakiwa melini kwenda Jamaica, Barbados na Guyana kujazwa ramu. Ramu nyingi nzuri, kwa maneno mengine, huvaa mitumba ya bourbon.

Hapo ndipo mpango mzima ulipo. Bourbon na rai zimelala kwenye mapipa ya aina moja, kwa hiyo ukizionja pamoja tofauti unayoipata ni ya nafaka. Bourbon na ramu zimepita kwenye pipa lilelile kwa zamu, kwa hiyo kinachofanana kati yao kimetoka kwenye mti, na kisichofanana kimetoka kwenye mahindi upande mmoja na miwa upande wa pili. Ukiweka ramu na rai tu mezani utasema hii tamu, hii kali, na mazungumzo yataishia hapo.

Mti wenyewe una harufu zake. Moto ukiunguza mwaloni huvunja mbao na kuacha vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Kuna pia laktoni, ambazo ndizo zinazomfanya mtu anuse nazi mahali pasipo na nazi. Ongeza sukari iliyoungua na rangi ya kahawia. Bourbon hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha yoyote kutoka nje, kwa hiyo weusi wake wote ni wa pipa. Ramu haina mkono mmoja wa sheria. Kila nchi ina yake, na nyingi zinaruhusu karameli ya kutia rangi. Ukimwona mtu ameinua glasi ya ramu kwenye taa akisifu umri wake kwa kutazama rangi, mwache afurahi.

Kwa anayeanza napendekeza jozi ambayo ni rahisi kuipata mjini: Jack Daniel's ya kawaida na ile ya rai. Ya kawaida ina mahindi asilimia 80, rai 8 na shayiri iliyooteshwa 12. Ya rai ina rai asilimia 70, mahindi 18 na shayiri 12. Zote mbili zinatoka Lynchburg, Tennessee, zote huchujwa kwenye makaa kabla ya kuingia pipani, na mapipa ni mapya. Kampuni yenyewe haiiti kinywaji chake bourbon, lakini kwa zoezi hili si hoja. Imwage ya kawaida upate vanila na ndizi. Imwage ya pili usikie pilipili manga ikipanda puani, karafuu nyuma yake, na ulimi ukibaki mkavu baada ya kumeza. Ukishayasikia hayo mara moja hutayasahau, na utaanza kuyatambua hata kwenye bourbon zenye rai nyingi kama Bulleit, ambayo rai ni asilimia 28. Maker's Mark nayo imeacha rai kabisa ikatumia ngano, na ndiyo maana inateleza bila kuuma. Wiski ya Kanada iache pembeni kwa sasa: huko lebo inaweza kusema ni ya rai hata kama rai iliyomo ni kidogo tu.

Ramu ndiyo yenye mambo mengi. Kabla ya kufika kwa zilizozeeka, weka pembeni kidole kimoja cha Kenya Cane ile nyeupe. Usiicheke. Ni kileo cha miwa kisicho na dalili ya mti, na kila unachokisikia kwenye ramu ya pipani lakini hukisikii humo, una sababu ya kuuliza kimetoka wapi.

Jamaica wanaacha mchanganyiko wa molasi uchachuke kwa muda mrefu, kisha wanaukeneka, yaani kuuchemsha na kukusanya mvuke wake, kwenye vyungu vya shaba. Kuchachuka huko ndiko kunakozaa esta, na esta ndizo zile harufu za ndizi iliyoiva hadi ganda likaanza kuwa jeusi, nanasi la jana, ganda la chungwa. Mwenzetu mmoja aliyekulia Murang'a kila akinusa Appleton Estate husema ananusa muratina, pombe ya kienyeji ya kwao, na sioni amekosea wapi. Miwa inayochachuka ni ileile, Karibiani au Murang'a. Guyana ni habari nyingine. El Dorado inatengenezwa mahali ambapo bado kuna mitambo ya kukeneka iliyoundwa kwa mbao, iliyohamishwa kutoka mashamba ya miwa yaliyofungwa. Harufu yake ni nzito: sukari nguru, zabibu kavu, hata ngozi ya kiatu kipya. Kwangu mimi hiyo ndiyo ramu ya kumpa mtu wa bourbon anayedai ramu ni kinywaji cha kuchanganyia soda.

Turudi kwenye ile namba. Kwenye Appleton 12, namba hiyo ni ya umri mdogo kuliko yote: hakuna tone lililokaa chini ya miaka 12. Zacapa 23 ya Guatemala inachanganya ramu za kati ya miaka 6 na 23, kwa hiyo 23 ni ya mkongwe wa mle ndani. Sisemi ni mbaya. Inazeeshwa mita 2,300 juu ya bahari, mita kama 500 juu ya Nairobi, na ni laini kweli. Nasema tu usilipe ukidhani kila tone limesubiri miaka 23.

Halafu kuna joto. Scotland pipa hupoteza kama asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukiza. Karibiani upotevu hufika asilimia 6 na zaidi. Piga hesabu: kwa asilimia 6, baada ya miaka 12 pipa limebaki chini ya nusu, wakati la Scotland bado lina zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo ramu ya miaka 12 ni mzee kweli kweli, na kuifananisha na wiski ya Scotland ya miaka 12 kwa namba tu ni kuionea. Bourbon nayo ina shida tofauti. Pipa lake ni jipya na lina nguvu, kwa hiyo ikikaa sana mti huimeza, ukanywa uchungu wa mbao. Mimi nikipewa bourbon ya miaka 8 na ya miaka 18 kwa bei moja, nachukua ya 8. Na usiogope chupa isiyo na namba: bourbon iliyoandikwa "Straight" bila umri wowote ina angalau miaka 4, kwa sababu iliyo chini ya hapo inalazimika kutaja umri wake. Ukiona "Bottled in Bond", hiyo ni sheria ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, angalau miaka 4, na kileo asilimia 50. Kwa mtu wa kulinganisha, hayo ni maneno ya thamani kuliko medali zote zilizobandikwa shingoni mwa chupa.

Asilimia 50, hata hivyo, inaleta kasoro mezani. Kinywaji chenye kileo kingi huonekana kina ladha zaidi, na yule wa asilimia 40 anaonewa. Nenda duka la dawa ununue sirinji bila sindano. Mililita 30 za asilimia 50 ukiziongezea mililita 7.5 za maji zinashuka hadi asilimia 40. Hapo mnashindana mkiwa sawa. Tumia maji ya chupa yasiyotoka kwenye friji, na barafu isikaribie. Baridi huziba harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

Kila mtu apate mililita 15 za kila kinywaji, si zaidi. Glasi ifinyike juu kidogo. Ile ndogo ya divai inatosha. Mmoja amimine jikoni, abandike karatasi yenye herufi chini ya glasi, na asiseme kitu. Bila hilo mtasifu chupa ya bei tu. Anza na bourbon, fuata na rai, ramu iwe ya mwisho, kisha rudi kwenye bourbon. Hapo ndipo watu hushtuka, kwa kuwa baada ya ramu ile bourbon huonekana kavu na mahindi yanajitokeza waziwazi. Unaponusa acha mdomo wazi kidogo, glasi ianzie kidevuni, ipande taratibu. Usiichovye pua ndani. Nasi huonja Jumamosi saa kumi alasiri, kabla jirani wa ghorofa ya chini hajaanza kukaanga vitunguu, kwa sababu vikishaingia ukumbini kila ramu inanukia vitunguu vya mchuzi. Nyama choma na kachumbari ya pilipili zisubiri. Mkate mkavu na maji vinatosha.

Shemeji yangu ni mpishi, na katika chama chetu hakuna anayemshinda kunusa. Hasomi maelezo ya wazungu kuhusu cheri nyeusi na tofi. Alipofika mara ya kwanza alibeba vijibati vya jikoni kwake: iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi kavu, kipande cha sukari nguru. Ananusa glasi, ananusa kijibati, anarudi kwenye glasi. Nimeiga desturi hiyo bila aibu. Andika unachokinusa kwa jina unalolijua mwenyewe, hata kama ni dawa ya viatu au godoro jipya, hakuna anayekusahihisha.

Jambo jingine ni sukari. Bourbon haitiwi sukari, lakini baadhi ya ramu hutiwa baada ya kutoka pipani, na utamu huo hudanganya ulimi kuwa ni umri. Ulaya waliweka kikomo cha gramu 20 kwa lita mwaka 2021. Unaweza kujichunguzia mwenyewe: mimina kijiko kidogo cha ramu kwenye kisahani, acha wazi mpaka ikauke yenyewe, hata kama ni usiku mzima, kisha pitisha kidole. Kisahani kikinata kama kilichomwagikiwa soda, umepata jibu. Ramu ya namna hiyo si haramu kuipenda, ila imwage ya mwisho kabisa, maana ikitangulia kila kinachofuata kitaonekana kimekosa kitu.

Kuhusu kununua, sina mengi. Chukua programu ya KRA inayoitwa Soma Label, uskani stempu ya ushuru kabla ya kutoa pesa, hasa ukiambiwa bei ambayo hata muuzaji anainong'ona. Tazama kifuniko kama kimeguswa. Na siku ya kuonja funguo za gari zibaki nyumbani; mililita 15 mara nne ni pombe kamili, na askari wa alcoblow, kile kipimo cha pombe barabarani, hapendezwi na habari za mwaloni.

Chupa zilizofunguliwa zisimamishe wima, mbali na dirisha. Usizilaze kama divai, kileo kikali hula kizibo. Zikishapungua chini ya theluthi moja hewa huanza kuzipoozesha, na harufu zile za juu za esta ndizo huondoka kwanza, kwa hiyo Jamaica huumia mapema kuliko Kentucky. Sisi huosha chupa tupu za robo, zile za mililita 250, tukahamishia humo kilichobaki hadi shingoni, na kuandika jina na mwezi kwa kalamu ya wino mzito.