Radi, Stima na Leseni Iliyoisha: Kwa Wanaoanza Kazi ya Seva

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Kisumu, radi ilipiga alasiri moja na stima ikapotea. Betri ya akiba ilishikilia dakika chache, kisha chumba cha seva kikanyamaza. Stima iliporudi, seva yenyewe iliwaka bila shida, lakini mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zilizokuwa ndani yake, ya uhasibu na ya kuhifadhi faili, zilikataa katakata. Nilibofya na kubofya. Nikakagua diski, nikachomoa nyaya na kuzirudisha, nikamshuku hata panya.

Kosa lilikuwa langu. Nilisakinisha ESXi, programu ya kampuni ya VMware ya kuendesha mashine pepe, kwa leseni ya majaribio, ambayo ni ya siku 60, nikaisahau. Ubaya wake ni kwamba muda ukiisha huoni kitu: mashine pepe zilizowashwa huendelea kufanya kazi, nawe unalala usingizi. Ikizimika moja tu, haiwaki tena mpaka uweke leseni.

Siku hizi nikikabidhiwa seva, nahesabu prosesa na viini vyake (vitengo vya kuchakata vilivyo ndani ya kila prosesa) kabla ya kitu kingine. Chukua seva ya mtumba yenye prosesa mbili, kila moja viini 8. Jumla ni 16. VMware huuza leseni kwa kiini, lakini kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini 16 au zaidi, kwa hiyo utalipia 32. Hivyo 16 vya ziada ni viini hewa, sawa na wale wafanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara. Windows Server Standard nayo huhesabu viini, ila kima cha chini ni 8 kwa prosesa na 16 kwa seva, kwa hiyo hapo umepona. Utaumia kwingine: leseni hiyo inakuruhusu mashine pepe mbili za Windows, na ukitaka ya tatu na ya nne unavilipia viini vyote 16 upya. Proxmox, programu nyingine ya mashine pepe, unaitumia bila kulipa. Ukitaka usajili wa msaada, wanahesabu soketi, yaani nafasi za prosesa, na hapa ni mbili. Chuma ni kile kile. Muuzaji akikutajia bei kabla ya kuuliza prosesa ni ngapi na zina viini vingapi, muage kwa heshima.

Angalia pia tarehe ya ushauri wowote unaopewa, pamoja na huu wangu. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na Desemba leseni za kudumu zikaacha kuuzwa, ukabaki usajili. Februari 2024 ESXi ya bure ikaondolewa, halafu Aprili 2025 ikarudi. Aliyejifunza mwaka mmoja kabla atakudanganya bila nia mbaya. Na VirtualBox, ya kuendesha mashine pepe kwenye kompyuta ya kawaida, je? Programu yenyewe ni huru, lakini kile kifurushi chake cha nyongeza ni bure kwa matumizi binafsi na masomo tu. Ofisini kiache.

Na lile onyo la Proxmox linalokuambia huna usajili, lifunge uendelee. Wapo wanaoendesha skripti ya mtu wasiyemjua, tena kwa mamlaka yote ya seva, ili wasilione. Mimi huona ni kama kuvunja ukuta kwa sababu ya mbu.

Vijana wengi huniambia hawana cha kuchangia kwa wenzao kwa kuwa bado wanajifunza. Si kweli. VMware ina tuzo iitwayo vExpert, iliyoanza 2009, na hutolewa kwa kutazama ulichowafundisha wengine. Alama za mtihani si kigezo. Ile aibu yangu ya siku 60 imesaidia watu wengi kuliko cheti changu chochote, kwa sababu niliiandika ilivyotokea: toleo la programu, maneno ya kosa herufi kwa herufi, na niliyojaribu yakashindikana. Ukipiga picha ya skrini, ufunguo wa leseni ufunike. Na ukitumiwa ufunguo wa kuokota kwenye kikundi cha WhatsApp, usiuguse.

Jumamosi nyingine huwa tunakutana Dunga, watano au sita, samaki mezani na kompyuta mbali na mchuzi. Ukija, njoo na kosa lako moja ulilolisuluhisha, limeandikwa ukurasa mmoja. Samaki tutachanga.