Bluu ya jua, na wenye haraka nayo

Maswali ya sianotaipu, ile picha ya bluu inayochapwa na jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa, yamefurika tena, mengi ya watu wanaotaka picha ya nyanya ionekane ya kale kabla ya mazishi ya Jumamosi. Nimechagua machache.

Nianike dakika ngapi? (Kondele, Kisumu)

Tena? Achana na saa, tazama karatasi. Iliyopakwa dawa huanza kijanikibichi-manjano, ikaingia ubluu, kisha sehemu zilizopigwa na jua sana hugeuka kijivu kama majivu. Hapo ndipo uitoe. Jua la saa nne asubuhi na jua la alasiri mawingu yakishatanda si kitu kimoja, na ndiyo maana sitakupa namba.

Picha ilitoka safi, nikaisuuza kwa maji ya kisima, ikafifia. Niliuziwa kemikali feki? (Nakuru)

Kabla hujamgombeza muuzaji, chunguza maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye magadi, na bluu hii haipatani na magadi wala sabuni. Kinga maji ya mvua, au tia siki kidogo kwenye beseni. Picha iliyopaushwa na mwanga ukutani hurudi ikiwekwa gizani siku kadhaa. Iliyoliwa na magadi, sahau.

Nina picha moja tu ya babu. Niilaze juu ya karatasi niweke juani? (Kakamega)

Hapana! Karatasi ya picha huzuia mwanga, kwa hiyo utapata mstatili mweupe mtupu, na babu atakuwa amejikunja kwa joto. Ipige kwa simu kivulini, bila flashi, ukiwa umeinyoosha mezani. Igeuze kwenye simu, cheusi kiwe cheupe na cheupe kiwe cheusi, kisha saiba wakuchapie kwenye plastiki angavu (hiyo ndiyo negativu utakayoilaza juu ya karatasi) kwa ukubwa uleule unaotaka, maana jua halikuzi picha.

Na mkiwa mnapekua nyumba baada ya msiba, acheni kuchoma negativu za filamu pamoja na risiti! Nimeona mkebe wa Kimbo uliojaa negativu ukielekezwa kwenye shimo la takataka kwa sababu "hazionyeshi kitu". Inueni moja dirishani. Utaona meno meusi, nywele nyeupe, na nyuma pazia la studio lenye mandhari ya kuchora. Hizo zikiungua, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Nitapataje rangi ya kahawia ili ionekane ya zamani kweli? (Busia)

Chovya kwenye maji yenye magadi kidogo, yaleyale ya mrenda, hadi bluu ipauke. Suuza sana, kisha loweka kwenye chai ya rangi iliyokolea. Karatasi nayo itapata doa la chai.

Lakini kwa nini udanganye? Picha za studio za wazazi wetu zilikuwa nyeusi na nyeupe. John Herschel alipobuni njia hii 1842, alikuwa akichunguza jinsi mwanga unavyobadilisha kemikali. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuchapa mwani wa baharini kwa njia hiyohiyo, na baadaye ikawa ya ramani za majengo. Haikuwahi kuwa rangi ya huzuni.

Ukitaka kumkumbuka nyanya, chukua kile kitambaa cha sofa alichokishona kwa kulabu. Kilaze juu ya karatasi, kibane kwa kioo, kiote jua. Hakihitaji negativu wala saiba. Kila tundu litatoka kwa kipimo chake halisi, hata pale uzi ulipokatika akaufunga fundo nene. Mimi naona hilo linamsema kuliko uso wake uliopakwa chai.

Taa ya sebuleni itafaa? (Bondo)

Haifai.

Eti dawa yenyewe ni sumu? (Kisumu)

Ukiitumia ilivyoelekezwa, hatari ni ndogo. Vaa glavu, usitumie vikombe vya jikoni, na ferisianidi, mojawapo ya kemikali za dawa hii, usiichanganye na asidi kali wala kuichoma, kwa kuwa hutoa gesi inayoua. Ila walioniandikia kwamba wanaihifadhi kwenye chupa za soda, imwageni leo. Ina rangi ya maji ya matunda, na nyumbani kuna watoto.