Re: Magitaa sita kwenye kesi, nyumba iko Tanga, niyaweke wapi?
Mkuu, chini ya kitanda moja juu ya jingine hapana, yale ya chini yatabeba mzigo wote na kesi laini hazihimili. Yasimamishe kwa ubavu kama vitabu kwenye shelfu, chini weka mbao maana saruji inapandisha unyevu, ukuta wa nje ukae nao mbali. Kwa hewa ya Tanga hofu yangu kubwa ni ukungu na gundi kuachia, hasa hayo ya akustika (yasiyo ya umeme), kwahiyo tafuta kipima unyevu kidogo ukiache ndani ya kesi, lenga asilimia 45 hadi 55, ikizidi tia pakiti za silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu. Nyuzi usizitoe. Na uwe unafungua kesi mara kwa mara unayapiga, bitana ya kesi ikianza kunuka utajua mapema.