Jibu: Msaada wa TAA kwa aliyepunguzwa kazi Marekani

Mkuu, pole kwa shemeji aliyepunguzwa kazi. Umeuliza kama anaweza kupata TAA (Trade Adjustment Assistance), yaani msaada wa serikali ya Marekani kwa waliopoteza kazi kwa ajili ya biashara ya nje. Kama kiwanda chao cha Ohio kimehamishia kazi Mexico mwezi jana tu, TAA asiitegemee. Sheria iliyoibeba ilifikia kikomo, na tangu 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi haiidhinishi maombi mapya. Bunge la Congress halijaifufua, jambo ambalo mimi naona ni aibu, maana ushuru wanaugombania kila siku.

Zamani wafanyakazi watatu tu walitosha kupeleka ombi, hata bila chama wala mwajiri. Kundi likiidhinishwa, mtu alilipiwa mafunzo na kupewa posho ya kila wiki baada ya mafao ya kukosa kazi kwisha. Wanaoendelea kunufaika ni wale wa vibali vya zamani.

Sasa afanye hivi: aombe mafao ya kukosa kazi ya jimbo lake leo hii, asingoje. Kisha aende American Job Center iliyo karibu (ofisi ya kusaidia wanaotafuta kazi), aulizie mpango wa Dislocated Worker, wa waliopunguzwa kazi, ulio chini ya WIOA, sheria ya Marekani ya mafunzo na ajira. Huko hawadai uthibitisho kwamba kazi imeondoka kwa ajili ya biashara ya nje. Barua ya kuachishwa asiisahau.